Twiga, Siwa na Muhogo wa Kukaanga: Tamasha la Zama za Kale Lifuate Historia Kiasi Gani?

Vijana wa mtaa wetu hapa Malindi wanaandaa tamasha la zama za kale litakalofanyika ufukweni, na tangu wazo hilo lilipotolewa barazani tumekuwa na mjadala usiokwisha: je, tamasha la namna hiyo lifuate historia kiasi gani, na liiache kiasi gani ili watu wafurahi? Nimeombwa ushauri kwa sababu kazi yangu ni kuwatembeza wageni katika magofu ya Gedi, na nimeona ni afadhali niandike maoni yangu kwa utulivu kuliko kuyatoa vipande vipande kila baada ya sala ya Isha.

Vijana hao walikuwa wametazama picha za matamasha ya zama za kati yanayofanyika Ulaya na Marekani, kwa hiyo mchoro wao wa kwanza ulikuwa na ngome yenye minara, askari wa farasi waliovaa deraya za maboksi yaliyopakwa rangi ya fedha, binti wa mfalme mwenye kofia ndefu iliyochongoka, na joka linalotema moto. Joka halikunisumbua, na nitaeleza sababu baadaye. Kilichonisumbua ni kwamba katika mchoro mzima hapakuwa na kitu hata kimoja ambacho mtu wa Malindi wa karne ya 15 angekitambua, ilhali mji huu ulikuwapo wakati huo, ukifanya biashara na Bara Hindi na Uarabuni, ukiwa na wafalme wake, majahazi yake na mavazi yake.

Wenyewe wenye matamasha hayo wamebishana juu ya jambo hilihili kwa miaka mingi. Huko California lilianza mwaka 1963 tamasha lililofungua njia kwa mengine mengi ya aina hiyo, na burudani ndiyo iliyolikuza. Mwaka 1966, mjini Berkeley, ikaanzishwa jumuiya ya watu wanaojifunza ufundi, mavazi na mapigano ya zama za kati kwa kuyatenda wenyewe. Mjini Landshut, Ujerumani, huigizwa arusi ya mwaka 1475 kati ya mwana wa mtawala wa Bavaria na binti wa mfalme wa Poland. Maigizo hayo yalianza mwaka 1903, siku hizi hufanyika kila baada ya miaka minne, na wanaume wanaoshiriki hufuga nywele zao muda mrefu kabla ili zifanane na za wakati ule. Nchini Ufaransa, mahali panapoitwa Guédelon, tangu mwaka 1997 mafundi wanajenga ngome mpya kabisa kwa zana na mbinu za karne ya 13. Mfano huo wa mwisho ndio ninaoutumia sana barazani, kwa kuwa huko watu hulipa kiingilio ili wamtazame fundi akichonga jiwe kwa mkono, na watoto husimama wakitazama gurudumu la mbao likipandisha mawe juu ya ukuta. Usahihi wenyewe umekuwa burudani yao.

Sasa tutazame tulicho nacho sisi. Mnamo Aprili 1498 meli za Vasco da Gama zilitia nanga mbele ya mji huu, na mmoja wa watu waliokuwamo aliandika shajara ya safari ambayo imehifadhiwa hadi leo. Anaeleza kwamba mfalme wa Malindi alikuja amevaa joho la damaski lililopambwa kwa atlasi ya kijani, na kichwani kilemba cha thamani. Alikalia viti vya shaba vyenye mito, chini ya mwavuli wa mviringo wa atlasi nyekundu uliosimamishwa kwa mti, na kando yake mzee mmoja alishika upanga mfupi wenye ala ya fedha. Walikuwapo wapiga tarumbeta wengi, na siwa mbili za pembe za ndovu zilizochongwa kwa ustadi, kila moja ikiwa na urefu wa mtu, zikipulizwa kupitia tundu la ubavuni. Mwandishi huyo, ambaye hakuwa na sababu ya kutupamba, anasema sauti zake zilipatana vizuri na za tarumbeta. Nyumba za mji aliziona ndefu, zimepakwa chokaa na zina madirisha mengi.

Niliwasomea vijana maelezo hayo, na nikawauliza ni mwongozaji gani wa maigizo anayeweza kubuni maingilio mazuri kuliko hayo. Mwavuli mwekundu, joho la kijani, viti vya shaba, siwa mbili zenye urefu wa mtu: yote yako tayari, na ni yetu.

Kuna jambo jingine katika shajara hiyo ambalo maigizo mengi ya shule niliyoyaona hulikosa. Mkutano wa mfalme na Mreno huyo haukufanyika nchi kavu. Mfalme alimwalika mgeni wake ashuke apumzike mjini, na da Gama akakataa kwa kutoa udhuru kwamba bwana wake hakumpa ruhusa. Wakazungumza majini, kila mmoja akiwa katika chombo chake. Kwenye maigizo, hata hivyo, Mreno hupanda ufukweni, hupiga goti au hupigiwa goti, kisha husimamisha nguzo yake papo hapo. Ukifuata ukweli unapata mandhari bora zaidi: mashua mbili zikikaribiana kwenye maji ya asubuhi, siwa zikilia, na wageni wenye hofu wasiothubutu kukanyaga mchanga wa watu wanaowakirimu. Tunao wavuvi wenye mashua ambao wamekwisha kukubali kushiriki, na watazamaji wataona yote kutoka ufukweni bila shida.

Kijana anayeongoza kikundi cha maigizo, ambaye ninamheshimu kwa bidii yake, alinijibu kwa kauli ambayo nadhani wengi wanaiunga mkono. Alisema, “Mjomba, watu wanakuja kucheka na watoto wao. Tukianza kuwasahihisha kila mtu kofia na viatu, hakuna atakayerudi mwakani.” Nilimwambia, “Mwanangu, katika hilo tuko pamoja.” Mtazamaji aliyekuja kwa hiari yake na suruali yake ya jinzi hana deni kwetu. Mtoto anayetaka kuvaa mbawa na kujiita malaika wa bahari aachwe acheze. Ninachokidai kinawahusu wale tu watakaosimama mbele ya watu na kusema, “Hivi ndivyo Malindi ilivyokuwa,” kwa sababu msikilizaji hana njia ya kuwapima papo hapo, na atakachokisikia ndicho atakachokwenda nacho nyumbani.

Ndiyo maana nilipinga vikali sehemu moja ya mchezo wao ambayo wengine waliiona ndogo. Waliandika kwamba rubani aliyemwongoza da Gama kutoka hapa hadi Calicut, India, alikuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa ubaharia kutoka Julfar, mji wa Uarabuni. Hadithi hiyo imeenea sana, lakini watafiti waliochunguza maandishi yake na habari za Wareno wameikataa. Wareno wenyewe walimtaja rubani kuwa mtu wa Gujarat, huko India. Huenda mtu akasema kwamba jina kubwa linavutia zaidi jukwaani. Hata hivyo, ibn Majid aliishi kweli, aliandika vitabu vya ubaharia vilivyotumiwa na vizazi vya mabaharia, na kwa sababu ya hadithi hii wapo wanaomlaumu mpaka leo kwamba ndiye aliyewafungulia Wareno mlango wa Bahari ya Hindi. Kumbebesha marehemu lawama ya jambo ambalo hakulitenda, ili watu wapige makofi, sikubaliani nako hata kidogo. Rubani wetu atakuwa mtu wa Gujarat, na hilo litatupa nafasi ya kuonyesha kwamba meli za Wahindi zilikuwa zimetia nanga Malindi siku hizohizo, jambo ambalo shajara ileile inalithibitisha.

Mavazi yalituchukulia muda mrefu zaidi. Akina mama wa mtaa walitaka wachezaji wote wa kike wavae kanga, na wengine wakapendekeza buibui. Nazipenda kanga, na siku ya tamasha ufuko utajaa kanga za watazamaji, lakini kanga zilianza kuenea katika nusu ya pili ya karne ya 19, na buibui lilienea mwishoni mwa karne hiyo na mwanzoni mwa karne ya 20. Kosa hili ninaliona zito kuliko lile la deraya za maboksi. Mtoto akiona deraya anajua kwamba ni mchezo wa Kizungu. Akiona kanga kwenye kasri la mwaka 1498 ataamini kwamba tangu enzi na enzi watu wa pwani hawakubadilika, hawakuvaa kitu kingine, wala hawakuwa na mitindo iliyopita na mingine kuja. Watalii nao huuziwa picha hiyohiyo kila siku, ya pwani isiyoguswa na wakati, na sioni sababu ya sisi wenyewe kuiuza.

Walivaa nini basi? Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, anasema wanaume wa Malindi walijifunga nguo za pamba na hariri kuanzia kiunoni kwenda chini wakiacha vifua wazi, na wengine walijitanda nguo mabegani. Mambo yakawa magumu hapo, kwa kuwa mama mmoja alisimama na kusema mwanawe hatapanda jukwaani kifua wazi mbele ya mtaa mzima. Nilimuunga mkono. Tunayo maelezo ya namna mbili, na zote mbili ni za kweli. Tukichagua ile yenye stara hatujaidanganya historia. Kuhusu nguo zenyewe, tutatumia pamba isiyochapishwa na vitambaa vyenye mistari. Katika miji mingi ya kale ya pwani vimechimbuliwa vigurudumu vidogo vya kusokotea uzi, vilivyotengenezwa kwa vigae vya vyungu, kwa hiyo tunajua kwamba nguo hazikuletwa zote kutoka ng’ambo. Bibi mmoja anayejua kusokota amekubali kukaa na kuwafundisha watoto kutumia kijiti cha kusokotea uzi, na nina hakika kibanda chake kitakuwa na msongamano.

Kwenye chakula nimeshindwa kupata muafaka, na sijui kama nitaupata. Muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu ndio unaouzwa kila ufuko wa pwani hii, na akina mama wanaouuza wanategemea siku kama hiyo kupata riziki. Muhogo, pilipili hoho, nyanya, viazi, mahindi, mapapai, mananasi na korosho vyote vilitoka mabara ya Amerika, na kwa hiyo havikujulikana hapa kabla ya Wareno. (Matamasha ya Ulaya na Marekani nayo hukumbwa na hili: chakula kinachopendwa sana huko ni paja la bata mzinga, ndege ambaye hakuwapo Ulaya kabla ya Columbus kuvuka bahari mwaka 1492.) Pendekezo langu ni kwamba muhogo uuzwe nje ya uzio wa tamasha, penye watu wengi zaidi, na ndani ya uzio pawe na wali wa nazi, samaki wa kuchoma, nyama ya mbuzi iliyotiwa tangawizi na pilipili manga, samli, mikate ya mtama, ndizi, machungwa, madafu na tambuu. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa kwa tambuu, kisha akapewa wali uliopikwa kwa samli, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, ndimu za achari na tangawizi mbichi. Nimemwomba mpishi mmoja wa mtaa ajaribu mlo huo wote kwa pamoja. Amekubali, ila amenionya kwamba kitoweo bila nyanya kitawashangaza watu, nami nimemjibu kwamba mshangao huo ndio ninaoutaka.

Sasa nirudi kwa joka. Baadhi ya wazee walidhani kwamba kwa kuwa nashikilia historia nitapiga marufuku kila kitu cha ajabu, na sivyo. Wazee wetu wa kale waliishi pamoja na mambo ya ajabu, na hilo nalo ni historia. Huko Gedi, James Kirkman, aliyeanza kuchimbua magofu hayo mwaka 1948, alikuta vyungu vilivyofukiwa kwa makusudi karibu na milango, ambavyo ni fingo: jini huitwa akae chunguni alinde nyumba, na anayeingia kwa nia mbaya apatwe na wazimu. Ninapowaonyesha wageni mahali penyewe huwa wanasikiliza kwa makini kuliko ninapowatajia tarehe ya kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Tukijenga njia yenye giza kwa makuti, tukaficha vyungu, na watoto wakapita wakikwepa jini wa fingo, tutakuwa tumewapa hofu tamu ambayo joka la Ulaya haliwezi kuwapa, na tutakuwa tumesema kweli kuhusu imani za waliojenga nyumba zile. Fumo Liyongo naye aje, na kimo chake kikubwa na pingu alizozikata kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate huku wanawake wakiimba nje ya gereza. Atangazwe tu kuwa ni shujaa wa masimulizi kutoka upande wa Ozi, bila kumpandisha kwenye kiti cha mfalme wa Malindi.

Nikihitaji mfano mmoja wa kuonyesha kwamba ajabu na ukweli vinaweza kukaa pamoja, naupata kwa twiga. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimfikisha twiga mbele ya mfalme Yongle wa China, na watu wa baraza lake wakamwona kuwa ndiye qilin, mnyama wa hadithi zao anayetokea tu wakati mtawala mwema anapotawala. Mwaka uliotangulia alikuwa amefika twiga mwingine kutoka Bengal, na mchoro maarufu wa twiga na mtunzaji wake unaoonyeshwa siku hizi ni wa huyo wa 1414. Tusiuite wa Malindi. Wajumbe wetu walirudishwa makwao na meli za Zheng He, amiri wa China, katika safari iliyoanza mwaka 1417. Fikirini mnyama huyo, aliyekuwa wa kawaida kabisa kwa watu wa nyika, akivuka bahari kwa meli na kushuka upande wa pili akiwa kiumbe cha miujiza. Vijana wanatengeneza twiga mkubwa wa fito na nguo atakayebebwa na watu kwa ndani, na nimependekeza upande wake mmoja uwe na mabaka ya twiga na upande wa pili uwe na magamba ya qilin, ili anapogeuka mwisho wa ufuko watazamaji waone alivyoonekana Malindi, kisha alivyoonekana China. Sidhani kama kuna kitu nimewahi kukisubiri kwa hamu kama hicho.

Lipo jambo ambalo halifai kufanyiwa mchezo. Utumwa ulikuwapo pwani hii karne nyingi kabla ya Wareno, na tamasha linaloonyesha mfalme akibebewa mwavuli na mizigo haliwezi kujifanya kwamba wote waliobeba walikuwa watu huru. Msimamo wangu ni kwamba tusiigize soko la watu kwa ajili ya burudani, kwa namna yoyote ile, na papo hapo msimulizi alitamke jambo hilo waziwazi kabla ya msafara kuanza. Sentensi mbili au tatu zinatosha. Watu wa bara waliopeleka pembe za ndovu mjini watajwe pia, kwa kuwa bila wao mfalme asingekuwa na siwa za kupulizwa.

Siwa zenyewe zitakuwa za mbao. Pembe za ndovu hazitumiki, sheria ya nchi hii inazikataza na ni vyema inavyofanya hivyo. Mwaka 2016 Kenya iliteketeza zaidi ya tani 100 za pembe hadharani jijini Nairobi. Fundi seremala wa mtaani amechonga moja kwa mwarobaini, na amefuata lile tundu la ubavuni kama shajara inavyosema badala ya kuipuliza kwa mwisho kama tarumbeta za bendi. Kuitoa sauti ni kazi, na vijana wawili wanafanya mazoezi kila jioni.

Kilichobaki ni chombo cha mfalme. Mashua za wavuvi wetu zimepigiliwa misumari na zina tanga la pembe tatu, ilhali mtepe wa kale ulishonwa mbao kwa mbao kwa kamba za makumbi, na tanga lake lilikuwa mkeka wa pembe nne. Mtepe wa kuigiza uliojengwa Zanzibar mwaka 2003 uliwekwa katika Beit el-Ajaib, jengo ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Hatuna fedha wala muda wa kujenga wetu. Tumekubaliana kwamba mashua ya mfalme itafungwa tanga la mkeka la pembe nne kwa siku hiyo, na msimulizi aseme kwamba chombo chenyewe ni cha sasa. Kisha ufukweni tuweke mbao mbili nene zilizotobolewa matundu, na kila mtoto apitishe kamba, aivute mpaka mbao zikutane, na agonge kijiti kuikaza. Tunahitaji makumbi mengi kwa ajili hiyo, na mtu anayejua kusokota kamba. Aliye tayari, anajua baraza yetu ilipo, na anakaribishwa jioni yoyote baada ya Isha.